Mnara Niliouita Kanisa

Albert Park, Durban
19 Mei 2025

Mwanangu Peguy,

Bwana asifiwe. Hujambo huko Wuhan? Kifua kimepona? Sisi wazima. Goti tu linanisumbua kwenye ngazi, lifti ya jengo imekufa tena.

Picha uliyotuma nimeipokea. Jana nikasimama kutoa ushuhuda: "Mtoto wangu anayesomea ujenzi Chine anatengeneza nyumba ya Mungu ya zamani sana, iko kando ya mto!" Kanisa lote likasimama, wamama wakapiga vigelegele. Pasteur Anicet anataka kuitundika picha karibu na madhabahu, na siku ya Pentekoste nieleze historia yake. Niandikie basi: ilijengwa na wamisionari gani?

Anayekuombea kila alfajiri,
Mama yako

Wuhan
23 Mei 2025

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua kimepona. Goti likande kwa maji ya moto, usilipuuze.

Eish, Mama. Lile si kanisa, ni Mnara wa Korongo wa Njano, maarufu hapa China. Ulijengwa mwaka 223 wakati wa vita, ili askari wauchunge mto kutoka juu. Baadaye watu walipanda kunywa pombe, kuaga wasafiri na kuandika mashairi. Umeharibika na kujengwa upya mara nyingi. Ule wa mbao wa mwisho uliungua 1884, pakakaa miaka mia bila kitu. Huu wa leo ulimalizika 1985: zege, orofa tano, vigae vya njano, pembe za paa zimekunjwa juu kama mbawa. Hata mahali si palepale. Pa zamani palichukuliwa na daraja, huu uko kama kilomita moja kutoka hapo. Na mimi sitengenezi kitu, napima tu na darasa letu.

Sasa utafanyaje? Wewe ndiye unaongoza maombi ya wamama, wanakuamini.

Asiyetaka uaibike,
Mtoto wako Peguy

Albert Park, Durban
9 Juni 2025

Mwanangu,

Amani kwako. Unakula vizuri? Huku baridi imeingia.

Nilipomwonyesha Pasteur barua yako, picha ilikuwa imeishatiwa fremu. Akasema chini-chini, "Maman Laurette, acha tu. Nani hapa atafika Chine kuangalia?"

Nikamjibu, "Mungu iko kule, Pasteur."

Basi jana nikasimama. Nikasema niliona paa lile, moyo ukaruka, sikuuliza mtu. Nikasoma barua yako yote, na pombe yake humo. Maman Lyse, mwenzangu wa maombi, akacheka: "Kumbe tulipigia bar vigelegele!" Papa Doudou, fundi wa zege, akawanyamazisha: "Miaka mia bila kitu, halafu wakajenga tena? Vipimo walivipata wapi?" Nikamwahidi nitakuuliza. Niandikie.

Nimesimamishwa kwa kosa hilo; maombi ya wamama sasa anaongoza Lyse, mpaka Septemba. Imeniuma, sikufichi. Nakaa benchi ya nyuma.

Lakini leo mchana Lyse huyohuyo amegonga mlango wangu, macho mekundu. "Maman, nina jambo sijamwambia mtu. Wewe hukuficha lako, nitakuambia."

Amekaa saa mbili. Alichosema sikuandikii.

Wa benchi ya nyuma,
Mama yako