Ukuta wa Cucu na Jembe Lako

Doha,
Jumapili mchana

Kwa kaka yangu Njeru,

Salamu kwanza, maana Mama hakutulea tugombane kabla ya kusalimiana. Natumaini wewe, mke wako na watoto mko wazima, na kahawa imekubali mwaka huu. Na mgongo je? Nauliza kwa sababu msimu uliopita ulikuzuia kumlimia Mama hata mistari miwili ya maharagwe, na sasa nasikia umepona kiasi cha kushika jembe barabarani.

Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu zangu hushiki, na ujumbe unausoma na kunyamaza. Barua hii utaletewa na mwenzangu wa Kanyakine anayekuja likizo. Nimemwambia asiiache dukani, akupe wewe mwenyewe mkononi.

Kazi nimebadilishiwa. Sifui tena mashuka. Sasa niko upande wa mbele wa hoteli, ambako kuna kipande cha ukuta wa zamani, mawe na udongo, kimezungushiwa kamba. Hoteli yenyewe ilijengwa ikakikwepa. Kila asubuhi nakipangusa vumbi kwa brashi laini, na msimamizi husimama nyuma yangu nisije nikakwaruza jiwe. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Nikasema, kumbe hata sisi tunao wetu, pale kwenye kona chini ya Karurumo, na ni mrefu kuliko huu! Nilimwonyesha msimamizi picha yake kwenye simu. Akauliza nani aliujenga, nikamwambia ni nyanya yangu, Cucu.

Hadithi yake unaijua, lakini acha nikukumbushe, maana inaonekana imekutoka. Barabara ya zamani ya Embu kwenda Meru ilipokuwa ikichimbwa, wanawake wa kwetu walitolewa mashambani kwa lazima wakaponde mawe. Mawe ya ile kona Cucu Igoki aliyabeba mgongoni, na ujauzito wa Mama tumboni. Alipozeeka, kila akipita pale aliugusa ule ukuta kwa kiganja. Wewe na mimi tuliukalia tukimngoja Mama atoke sokoni, na ukanisukuma nikachubuka goti. Alama bado ninayo.

Habari za upanuzi wa barabara zilipokuja nilikuwa nyumbani likizo. Tulikusanyika kanisani na Mwalimu, yule mstaafu anayeongoza kamati yetu, tukaandika vitu vya kubaki: mawe ya maili, daraja dogo, yale maduka ya zamani yenye veranda, na ukuta wa Cucu. Wengine walitaka twende ofisini tupate karatasi yenye muhuri. Wazee wakasema karatasi ya nini, tupande itoka. Na mimi nikakubali, mjinga mimi, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu asiyejua kwamba ua hilo likishapandwa mpakani haling'olewi, hata ndugu wakichukiana. Tulipanda moja mbele ya kila kitu, na kila moja likapewa mlinzi. Nilisimama mbele ya watu nikasema la ukuta namwachia kaka yangu. "Mkimwamini Njeru, mmeniamini mimi." Wewe ulikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Mwalimu ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa analia, mzee mzima. Alisema tingatinga ilifika ukutani ikasimama siku mbili. Dereva wake, mtu wa Mbeere, aliona lile ua akazima injini. "Boss, mimi siwezi gusa hiyo," alimwambia mkandarasi. "Najua hiyo maua ni ya nini. Mwenye boma akuje atoe yeye mwenyewe." Vibarua nao wakaweka koleo chini. Mkandarasi akabaki ameshika kiuno. Ndipo alipokuja kwako.

Na wewe ukatoka na jembe, mchana, mbele za watu, ukaling'oa ukalitupa mtaroni. Mwalimu alikuuliza, "Njeru, ni wewe kweli?" Ukamjibu, "Mwalimu, hiyo ni maua tu na mawe. Wacha tupate maendeleo." Maendeleo yenyewe ni njia ya changarawe mpaka mlangoni mwa duka lako la chakula cha kuku. Ukuta haukufika saa saba.

Umenisaliti, Njeru. Sitalizungusha. Angeuvunja mtu baki ningelia nikanyamaza. Lakini watu baki walituheshimu! Mtu wa Mbeere asiyemjua hata Cucu alizima injini, na aliyemwambia aiwashe ni wewe, niliyekuacha pale ulinde. Asubuhi iliyofuata nilishindwa kuushika huu ukuta wa hapa. Msimamizi aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Msalimie mke wako, na asante kwa picha za watoto. Watoto waambie shangazi yao hajawasahau, na viatu vyao anavyo huyu mwenzangu. Mwalimu naye, ukiweza kumtazama machoni, mwambie namwomba msamaha kwa niaba yetu sote wawili.

Mama sikutumi kwake. Tuliongea jana. Ameniambia alishuka mtaroni mwenyewe, na magoti yake yale, akalitafuta lile itoka ulilolitupa, akalifunga kwenye leso mpaka nyumbani. Amelipanda kati ya jiko lake na nyumba yako, katikati ya kijia unachopitia kila jioni kwenda kunywa chai yake. Anasema limeshika vizuri, limeanza kutoa jani.

Jembe unalo.

Dada yako,
Wawira