Mate ya Kipng'eno

Poona, Jumatano

Kwako Kaka Kipkoech,

Hamjambo huko Boito? Mimi mwili ni mzima na chakula napata, ila moyo haujakaa mahali pake tangu Jumamosi. Natumaini mgongo wa Mama umepata nafuu, na kwamba mmemkataza kubeba kikapu cha majani chai mpaka kituoni kama mlivyoniahidi. Nakujua, utakuwa umeahidi tu. Barua hii usimsomee. Isome peke yako, ukiwa umeketi, na uifikishe mwisho kabla hujamkasirikia mtu yeyote.

Nataka uyasikie haya kutoka kwangu kabla hayajakufikia kwa mdomo mwingine. Yanamhusu mchumba wako Chepkemoi. Yeye hajafanya kosa lolote, na hata sasa hajui kitu.

Ijumaa tulifunga vitabu tukapanda treni kwenda Bombay kuiona bahari: mimi, Kipng'eno ndugu yake Chepkemoi, na Cheruiyot wa Kapkatet, yule ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Huu ni mwaka wetu wa pili India na hatujaona kitu ila maabara na wali. Safari ilianza vibaya. Mvua ya huku haina adabu, ilitupiga tangu tuliposhuka. Kwenye nyumba ya wageni tuliyoelekezwa, karani alitutazama nyuso akasema vyumba vimejaa, na funguo zimening'inia ukutani nyuma yake. Tukalala stesheni. Asubuhi Cheruiyot akaamka hana viatu, na tulimcheka hadi mbavu zikauma. Laiti tungerudi saa ile.

Mvua ilipokatika tukaenda ufukweni. Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya ukuta na mtoto mchanga, pamoja na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa mnono, mzuri, ana doa jeusi la wanja shavuni ambalo sikujua ni la nini. Akamtazama Kipng'eno akacheka. Kipng'eno naye akacheka, akainama, akamwambia maneno matamu ya nyumbani, kisha akamtemea mate kidogo kifuani. Tu, tu.

Kaka, wewe na mimi tumetemewa mate na wazee wetu tukashukuru. Lakini yule mama aliona mgeni asiyemjua amemtemea mwanawe mate. Alipiga yowe ambalo bado nalisikia. Watu walikuja kutoka kila upande. Mimi nilipigwa mwavuli kichwani na mzee ambaye hata hakuuliza kosa ni nini. Kipng'eno walimwangusha. Hakujikinga, alikuwa akisema tu "mutyo, mutyo" kama anayetuliza ng'ombe aliyeshtuka. Shati likachanika, mdomo ukapasuka, na polisi walipofika nilifurahi kuwaona. Jiulize ilikuwa mbaya kiasi gani.

Kituoni, ambako wale kina mama nao waliletwa na mtoto wao, kulikuwa na afisa anayejua Kiingereza. Akamuuliza Kipng'eno kwa nini amemtemea mtoto mate, na kama ana ugonjwa anaotaka kuwaambukiza. Afisa akasema asipojieleza atafungwa, chuo kitamfukuza na atarudishwa kwao. Nikaruka nikasema kwetu hiyo ni baraka. Afisa akaniuliza ni nani hubariki kwetu, vijana au wazee? Nikamgeukia Kipng'eno. Na Cheruiyot, badala ya kunyamaza, akadakia kwa Kiswahili, "Hata mimi sielewi. Kwani Kipng'eno amekuwa mzee lini?"

Walipotupeleka kwenye benchi, Kipng'eno aliniinamia.

"Kibet, mimi niko na jicho," akasema. "Ilikuwa ya nyanya yetu, ikanipata mimi. Nikiangalia mtoto nimpende, lazima niteme mate, ama atashikwa na ugonjwa. Mama alinifundisha hivyo nikiwa kadogo. Imetoka tu yenyewe. Nilisahau niko wapi."

"Sasa si tuwaambie?"

"Usiseme. Cheruiyot ataskia. Hiyo maneno ikifika nyumbani, Chepkemoi haolewi. Wacha nifungwe."

Akanieleza kwamba ndiyo sababu baba yao aliuza shamba la kwanza wakahamia Silibwet. Kule walikokuwa, akina mama walikuwa wakimwona yeye Kipng'eno anakuja njiani wanawafunika watoto shuka. Siku ya koito, tulipokwenda kumposa Chepkemoi, wazee wetu waliuliza habari za ukoo, na wao wakalinyamazia hilo. Nilikasirika, nakuambia kweli. Tulikaa nyumbani kwao, tukanywa maziwa yao ya mursik, tukacheka nao, na kumbe kuna jambo kama hili. Nilimtazama Kipng'eno na kwa muda mfupi nilitaka kusogea mbali naye. Halafu nikaona damu inavyomtoka mdomoni, naye ameketi ameinamisha macho chini ili asimwangalie yule mtoto aliyekuwa analia upande wa pili wa chumba.

Wakamvua mkanda na viatu tayari kwa kumfungia. Hapo nikasimama nikasema yote, kwa sauti, mbele ya Cheruiyot. Kipng'eno aliniita jina langu mara moja tu, kisha akajifunika uso kwa mikono.

Afisa alicheka. Nikamwomba awatafsirie wale kina mama hata kama anaona ni upuuzi. Alipomaliza, yule bibi, mama mkwe, hakucheka. Aligusa lile doa jeusi shavuni mwa mtoto, akasema maneno mengi. Afisa akaacha kucheka, akatuambia bibi anasema hata wao wanalijua jicho, na wanja ni kinga yake. Kijana hakumtukana mtoto, amemwokoa. Aachiliwe.

Nilitaka kumkumbatia yule bibi! Lakini kabla sijafika alipo, alivuta pindo la sari akamfunika mtoto uso, akamhimiza mkwewe wahamie benchi la mbali. Kipng'eno aliwaona.

"Umeona?" akaniambia. "Hata huku."

Tangu turudi hajasema neno. Amelala ameuelekea ukuta. Chai nampelekea, inapoa, naimwaga. Chuoni hawajui kitu na masomo yake yamepona, lakini ananitazama kama mtu niliyemuua. Cheruiyot ameapa kwa Biblia kwamba atanyamaza. Jumatatu nilimkuta posta akilamba bahasha, na dada yake anauza nguo pale sokoni Kapkatet.

Kwa hiyo Kaka, nimekimbiza kalamu. Sijui barua ipi itatangulia. Nimemtoa Kipng'eno ndani kwa kumtoa dada yake sadaka, na sikumuuliza yeyote ruhusa, wala wewe. Kipng'eno ameniapia kwamba Chepkemoi hana jicho. Mimi namwamini, ila najua wazee hawataamini. Shangazi atalia, atakuuliza watoto wako watakuwaje. Ukiogopa sitakulaumu, kwa maana hata mimi niliogopa pale kwenye benchi. Lakini nakusihi, usimtume mtu. Nenda Silibwet mwenyewe, umwangalie Chepkemoi usoni, ndipo uamue. Asije akaachwa kwa uvumi wa sokoni. Huyo ni msichana aliyekungoja miaka yote ile ulipokuwa huna kazi, ukiwaambia watu unafikiria biashara.

Nisalimie Baba, umwambie masomo yanaendelea. Nisalimie Mama na mgongo wake, na Shangazi hata kama atanikasirikia. Mdogo wetu Cherono mwambie picha aliyoomba nitamtumia nikipata filamu.

Nilitaka kuishia hapo. Sasa hivi Kipng'eno amegeuka kitandani, akaona ninaandika, akauliza ni kwa nani. Nikamwambia ni kwako. Ameurudia ukuta, kisha amesema, "Muulize kama bado atamchukua."

Basi nakuuliza.

Mimi ndugu yako,
Kibet