Baba Anarudi Jumapili, na Mbwa Wake Amejaa Mafundo

Mpendwa Mama Mbeti,

Naomba unisaidie haraka kwa sababu Jumapili baba yangu anakuja kwangu na sijui nitamwangalia na macho gani. Mimi ni msusi, niko na saluni hapa Gatitu, na mwezi wa tatu baba alipoanguka kule Mukurweini akavunjika nyonga, ndugu yangu akamchukua akatibiwe Nanyuki, nami nikaachiwa mbwa wake Bosko, mbwa mkubwa mwenye nywele nyingi kama kondoo, ambaye tangu mama afariki ndiye baba anakaa naye, na kila jioni akimaliza kukamua ng'ombe alikuwa anamchana mpaka ngozini huku akimwongelesha. Aliniambia kitu kimoja tu, "Mwanangu, mchane." Mama, sikumchana. Wiki ya kwanza nilichoka, ya pili nikasema kesho, halafu mvua ikaanza, akawa analala kwa matope, nywele zikashikana nyuma ya masikio, kwapani na kwa tumbo, zikawa ngumu kama mkeka, na baba akipiga simu kuuliza, "Bosko amechanwa?" namjibu, "Ndiyo baba, anang'aa," na namtumia picha za zamani. Nikaona nimwoshe na maji moto na sabuni ya unga, ati zilainike, kumbe ndio zikakaza zaidi, nikachukua makasi ya saluni nikamkata ngozi, akalia, na tangu hiyo siku akiniona anajificha nyuma ya banda la kuku. Sasa ananuka, anachechemea, na juzi bwanangu Gicheru alimshika sikio akaumwa mkono. Gicheru anasema mbwa amekuwa mkali, tumpeleke Kenol tumwache huko, halafu tumwambie baba ameibwa. Nimeanza kuona afadhali hivyo, kwa sababu baba ana presha na ukweli unaweza kumuua. Je, uongo wa kumlinda mzazi ni dhambi?

Monicah, Gatitu.

Monicah,

Presha ni ya baba yako, lakini anayeogopa ni wewe. Usimvishe mzee woga wako halafu uuite ulinzi. Hapo hakuna anayelindwa ila jina lako.

Miezi minne umesuka vichwa vya Gatitu nzima. Mteja akiingia na nywele zimeshikana, wewe unamwagia maji kwanza? Si unamketisha, unazifungua kavu, pole pole, kuanzia kwa ncha? Ulijua. Hukufanya kwa sababu Bosko hawezi kwenda kukusema kwa saluni ya jirani.

Na huyo Gicheru aache kumsingizia mbwa ukali. Nywele zikikaza hivyo huvuta ngozi kila mnyama akipiga hatua. Ajaribu kusukwa kichwa kwa kubanwa kabisa, alale nacho miezi minne, halafu mtu aje avute. Tuone kama hatauma.

Wasomaji wajue kwamba kungoja gazeti la leo Jumamosi kungekuwa kuchelewa, kwa hivyo Alhamisi asubuhi nilimpigia Monicah simu. Akaniuliza, "Mama, nimalizane na wateja kwanza?" Nikamwambia, "Funga saluni. Gicheru aoshe kidonda na sabuni na maji mengi, aende hospitali leo. Wewe peleka mbwa kwa daktari wa mifugo."

Ulienda, Monicah, na kwa hilo nakusifu. Daktari Muchangi akampiga Bosko sindano ya usingizi, akamnyoa na mashine. Mkeka wa nywele ukatoka mzima kama blanketi. Kwapani kulikuwa na kidonda chenye funza. Ukanipigia ukilia, "Mama, ametoka mdogo hivi! Kumbe amekonda, na mimi nilikuwa naona nywele tu."

Nikakwambia umpigie baba hapo hapo, kwa maana ukinyamaza machozi utaanza kutunga uongo. Ulimwambia yote. Mzee akauliza, "Amekula?" Ukasema ameonja mchuzi. "Basi mwekee simu kwa sikio." Bosko akasikia ile sauti, akainua kichwa, mkia ukapiga sakafu.

Wewe, baba hakukuuliza kitu kingine. Usidhani huo ni msamaha.

Sasa sikiliza. Hii ni Julai, na baridi ya Nyeri si ya mbwa aliyenyolewa. Mvishe sweta kuukuu, alale ndani. Dawa ya kidonda usikose hata siku moja. Gicheru amalize sindano zake zote za kichaa cha mbwa. Nywele zikianza kurudi, mchane mara tatu kwa wiki akiwa mkavu, ukizigawa mafungu mpaka uone ngozi, hasa nyuma ya masikio na kwapani. Fundo dogo lifungue na vidole. Kubwa ni la mashine. Makasi yabaki saluni.

Na kesho Jumapili baba akisema anarudi na Bosko Mukurweini, usianze kuapa kwamba umebadilika. Fungua mlango wa gari, mpandishe mbwa pole pole, na unyamaze.