Mafiga ya Uani

Rwamisasa, Ngara
15 Septemba 1996

Mdogo wangu Anatory,

Salaam nyingi sana. Natumai wewe, wifi Joan na watoto hamjambo huko Biharamulo. Sisi hapa tunavuta pumzi. Goti langu halijapona, ila shangazi Adelfina ananikanda kila jioni kwa maji ya moto, na mjukuu wake Odeta ameinuka kitandani baada ya malaria. Sasa anakula kuliko mimi.

Nakuandikia kwa sababu wewe ni karani wa mapato na mambo haya ndiyo chakula chako. Ofisi ya mji inathamini nyumba zote za bati ili kila mwenye nyumba alipe kodi ya jengo. Unajua tangu mashirika ya wakimbizi yaje hapa watu wamejenga vyumba vya kupangisha mpaka vichochoroni. Hata banda la mbuzi la jirani yangu lina dereva ndani, analipa kama yuko hotelini. Basi mthamini anamwona kila mtu mwongo.

Aliyekuja kwangu ni Maulidi, yule mtoto wa mzee Muksini mwenye duka la vitambaa. Kijana ana adabu, alinipa shikamoo. Akapima kuta, akahesabu milango. Alipofika uani akakuta chumba cha shangazi, na nje yake mafiga matatu na chungu kinachemka. Akauliza, "Mama, jiko hili la nani?" Nikamwambia la shangazi yangu. Akacheka. "Mwaka huu kila mpangaji ni shangazi." Akaandika kaya ya pili, jengo la biashara.

Ningebishana naye vipi? Shangazi alizaliwa Mugoma kama baba yetu, lakini aliolewa ng'ambo, Rwanda, na mwaka wa tisini na nne alivuka daraja la Rusumo akikimbia kama wengine. Mkimbizi anatakiwa awe kambini Benaco. Majirani wanajua na wamefunga midomo. Maulidi hajui, nami sikumwambia.

Kodi waliyoniandikia siiwezi hata nikishona usiku na mchana. Nisipolipa, nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu inauzwa. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Leonsia


Biharamulo
29 Septemba 1996

Dada Leonsia,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Sisi hatujambo, isipokuwa Joan ana mafua. Mpe pole Odeta, na shangazi mpe shikamoo yangu.

Kuhusu hilo jambo, usihangaike. Una haki ya kukata rufaa mpaka mwisho wa Oktoba, na ukikata, watakuja kukagua upya. Kilichokuponza ni lile jiko. Kwa mthamini jiko ni kaya, hata hapa kwetu tunahesabu hivyo. Kwa hiyo siku ya ukaguzi ng'oa yale mafiga, fagia majivu, tupia magunia ya maharage mle chumbani, na shangazi na mtoto washinde kwa binamu yetu Speciosa kule Mugoma. Wataandika stoo. Jioni wanarudi, na mawe unayarudisha. Ni kazi ya asubuhi moja tu.

Mdogo wako,
Anatory


Rwamisasa
13 Oktoba 1996

Mdogo wangu Anatory,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu, na wifi achemshe tangawizi. Hapa mvua zimeanza na goti linajua.

Umekaa na karatasi mpaka umesahau ulikotoka. Mafiga ya mtu yanang'olewa amekufa au amefukuzwa. Hakuna la tatu. Baba alituambia hilo sote wawili, tumeketi mkeka mmoja.

Wewe hukuwepo shangazi alipofika. Alikuja na Odeta mgongoni na kanga moja, miguu imevimba. Nilimpakulia ugali akamlisha mtoto, yeye hakugusa. Shangazi hawezi kukaa jikoni kwa binti wa kaka yake akingoja kupakuliwa kama mtumishi. Kesho yake nilikwenda mtoni nikachagua mawe matatu, nikayapanga uani, nikawasha moto kwa kaa la jiko langu. Hapo ndipo alipolia. Akasema, sasa nina kwangu. Akapika, akala.

Hata hivyo nilijaribu. Nilimgusia kwamba watu wa kodi wanakuja, labda mawe tuyasogeze kidogo. Aliingia ndani, na nilipomfuata nilimkuta anafunga nguo za Odeta kwenye kanga. Anatory, niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Nilikifungua kile kifurushi kwa mikono yangu.

Kwa hiyo sing'oi. Wewe ndiye uliyesoma, tafuta njia nyingine, lakini fanya haraka. Naiogopa Novemba.

Dada yako,
Leonsia


Biharamulo
27 Oktoba 1996

Dada,

Shikamoo. Natumai mvua haijakulaza. Joan amepona, anakusalimu.

Njia nimeipata, na ni safi kuliko ile ya kwanza, ambayo nakiri ilikuwa ya ujanja-ujanja. Sheria ndogo inasema chumba anachokaa ndugu bila kulipa pango si jengo la biashara. Yaani ulikuwa na haki tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni kueleza tu. Kwa kuwa siku zimekwisha sikungoja kukuuliza. Nimeandika rufaa kwa niaba yako na kuituma ofisini kwa basi la jana.

Sikuficha kitu. Nimeandika: "Wanaoishi humo ni Adelfina, shangazi wa mwenye jengo, na mjukuu wake, wakimbizi waliovuka Rusumo mwaka 1994. Hawalipi chochote." Sentensi hiyo ndiyo inayoshinda rufaa, maana hakuna atakayemwita mkimbizi mpangaji. Na nani atamfuata bibi kizee mmoja kati ya malaki ya watu? Afisa atakayeisoma nilisoma naye, ni mtu wa kanisa. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, dada. Lala usingizi sasa.

Mdogo wako,
Anatory


Biharamulo
24 Novemba 1996

Dada Leonsia,

Shikamoo. Hatujambo. Sijapata jibu lako, nadhani ni posta au barabara. Rufaa imefika wapi? Kama wamekuja kukagua, niambie walisemaje. Kama ni goti, mwambie Odeta aandike, kama anajua herufi.

Mdogo wako,
Anatory


Biharamulo
22 Desemba 1996

Dada,

Shikamoo. Redio imesema wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Hapa makambi yanahamwa. Watu wanapita na magodoro kichwani, na askari wako barabarani. Najipa moyo kwamba tangazo ni la watu wa kambini, na shangazi yuko kwako.

Yuko kwako, sivyo? Nijibu hata mstari mmoja. Joan ananiuliza kila siku kwa nini sili.

Mdogo wako,
Anatory


Rwamisasa
5 Januari 1997

Anatory,

Shangazi amekufa. Nakwambia mwanzoni ili usisome ukitafuta.

Rufaa yako ilisomwa vizuri. Tarehe nane Novemba asubuhi walikuja mgambo wawili na gari, wana jina la shangazi kwenye karatasi, na la Odeta waliuliza. Nikasema mwanamke huyu alizaliwa Mugoma, kaburi la baba yake nitawaonyesha. Yule mkubwa hakuwa mkali. Akasema, "Mama, ninyi wenyewe mmeandika kwamba ni mkimbizi." Hapo ndipo nilipojua ulichoandika, maana barua yako ilikuwa haijanifikia.

Shangazi hakubishana. Alikuwa amebandika maharage. Alisogeza kuni ndani ili moto usizime, akaniambia niyaangalie yasiungue, akapanda gari na Odeta. Niliyachochea mpaka yakaiva. Nikayafunga pamoja na chungu chake nikaenda Benaco, na huko nilizunguka siku mbili kati ya maturubai nikitaja jina la bibi kizee. Kila bloku ina bibi kizee. Yalichacha, nikayamwaga.

Nilirudi tena, na tena. Wakimbizi walipofukuzwa kambini Desemba nilisimama kandokando ya barabara ya Rusumo, wanapita kama siafu, mpaka mama mmoja akanifahamu kwa sura. Akaniambia, wewe umefanana na yule bibi wa bloku yetu. Alikufa kwa kuhara kabla ya tangazo. Mtoto alikuwa akitembea na watu, sijui ni watu gani. Wameshavuka. Kule ng'ambo hana mtu hata mmoja, Anatory, na ana miaka minane.

Nilikuachia kazi hii mimi mwenyewe, na hilo nalijua. Lakini wewe ulikuwa na nafasi ya kuniuliza. Basi lililoleta rufaa ofisini lingeniletea na mimi barua ya kuniuliza. Nina hasira na wewe ambayo sijui nitaiweka wapi.

Juzi Maulidi alileta karatasi mpya. Umeshinda. "Jengo la uani halina mkaaji. Kodi imepunguzwa." Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa, hakutaka hata maji. Jana nilikwenda ofisini nikamwambia airudishe kama ilivyokuwa, kaya mbili. Akasema, "Mama, hakuna anayeishi pale." Nikamwambia kuna jiko. Akasema jiko la nani? Nikamwambia la Odeta, amelirithi kwa bibi yake, na siku akirudi asikute pamefagiliwa. Alinitazama, kisha akaandika.

Cherehani nimeuza, italipa ya mwaka huu. Ya mwakani sijui. Usitume pesa. Usije kwa sasa, na ukija siku moja, upitie uani kwanza uyaone yale mawe. Ninawasha moto pale asubuhi, kisha ninauacha unazimika.

Leonsia