Slabu ya Chumba cha Mama

Nyumbani kwa mama,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Wifi hajambo? Na wale wapwa zangu wawili, bado wanagombania kitanda cha juu? Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu. Kufika saa nne keshanifuata saiti kunikagua.

Najua umeambiwa kazi imesimama, maana binamu yetu hana breki mdomoni. Ni kweli ilisimama siku tatu, na aliyeisimamisha ni mimi. Sikukwambia kwenye simu kwa sababu ungepandisha hasira, nami ningepandisha, na simu ingekatika kabla hatujafika kwenye maana. Tena sijasahau ulichosema: slabu ya chumba cha mama, hilo zege la juu, ikitoka na kasoro, unamleta mkandarasi wako anichukulie nyumba yote. Basi soma mpaka mwisho.

Uliniuliza kwa nini sitaki mbao za kawaida za kumwagia zege kama alizotumia baba maisha yake yote. Kaka, mama hataki dari ya kupigwa lipu. Ile ya nyumba ya zamani ilimwangukia kitandani, umeshasahau? Sasa kama hakuna lipu, zege lenyewe lazima litoke laini, na ulaini huo unatoka kwenye plaiwudi yenye ngozi nyeusi ya kung'aa, ile isiyogandana na zege.

Muuza mbao aliapa kwamba zake zote hazijali maji. Nikazitazama ubavuni. Aina ya kwanza tabaka zake zilikuwa na mapengo ya kuingia ukucha, nikaziacha hapohapo. Ya pili ilikuwa imebana vizuri, lakini gundi haionekani kwa macho, kwa hiyo nikaomba kipande nikakichemsha jikoni kuanzia saa sita mpaka jioni. Mama akafunua sufuria, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mambo yamekuwa magumu kiasi hiki?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kipande kilitoka tabaka zote zimeshikana, nikanunua hizo.

Sasa kosa langu. Unakumbuka baba alivyokuwa akimwagia mbao maji kabla ya zege, ili zivimbe na kuziba nafasi? Mikono yangu nayo inakumbuka. Tulikuwa tumemaliza kukata na kupanga, mirunda imesimama chini yake, nondo bado. Nikachukua mpira wa maji nikaziloweka zote kwa raha zangu, huku naimba. Ngozi ile hainywi maji, lakini pale msumeno ulipopita hakuna ngozi tena. Kesho yake kingo zilikuwa zimevimba, na kwenye maungio kuna matuta ya unene wa sarafu. Matuta hayo yangebaki kwenye dari ya mama siku zote.

Yule fundi wa nondo tunayemwita Haraka, kwa kuwa hajawahi kuharakisha chochote, akaniambia, "Dada, tumwage tu. Nani atalala anakodolea macho juu?"

"Mama yangu," nikamjibu.

Nikang'oa mbao sita zilizovimba. Nikakata nyingine, nikapaka kila ukingo uliokatwa rangi ya mafuta mara mbili, nikasubiri zikauke. Hizo ndizo siku tatu za binamu. Aibu niliona, sikufichi, ila woga hapana. Anayejua alipokosea anajua pia pa kurekebisha, na mimi nilijua.

Tulipanga upya kwa misumari michache, na mafuta ya kuachanisha zege na mbao nikapaka kwa kitambaa, kidogo tu, maana yakizidi yanaacha madoa. Siku ya kumwaga nilimganda yule wa mashine ya kutikisa zege asiigusishe kwenye mbao; alinichukia kutwa nzima. Kisha tukawa tunamwagilia slabu na kuiacha juu ya mirunda wiki tatu. Kungoja huko ndiyo kazi iliyomfaa Haraka kuliko zote.

Jana tumefungua. Mbao zimeachia kwa kabari bila kuzipiga nyundo, na bado zinang'aa, nitazitumia tena kwenye ngazi. Dari ni laini, kijivu kimoja, maungio yanaonekana kama mistari ya penseli. Nimetafuta tundu kwa tochi, sikuliona.

Mama alikuja na mkeka, akautandika katikati ya vumbi lote lile, akalala chali. Unajua tangu siku ile ya lipu halali bila kujifunika kitambaa usoni. Nikasimama mlangoni nasubiri aseme neno. Nikasogea nimuulize kama kuna kitu kimemuudhi, kumbe anakoroma, uso wazi.

Mkandarasi wako msalimie sana, umwambie nyumba hii ina fundi.

Wifi mpe salamu zangu, na wapwa wabusu kwa niaba yangu, hata yule anayefuta mabusu. Binamu anakusalimu, ingawa sikumwambia naandika. Mungu akutunze huko uliko, akujalie afya na kazi ya halali, na akulete ulale usiku mmoja chini ya slabu hii.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi wa nyumba ya mama.