Mapacha wa Pap Onditi

Mpendwa kaka Odhiambo,

Nakuandikia hadharani kwa sababu tangu uhamie Nakuru hushiki simu zangu, na jambo hili siwezi kulibeba peke yangu. Labda mtu atakuonyesha.

Unakumbuka nyumba ya nyanya pale Kaloleni, tukijenga ile app ya kliniki kwa laptop moja? Sikuwa naelewa jinsi app inavyoweka kumbukumbu moja ndani ya nyingine. Ukachukua sufuria, ukatia kikombe ndani, na kijiko ndani ya kikombe. "Sufuria ni mama," ukasema. "Kikombe ni mtoto wake. Kijiko ni uzito wa mtoto. Ukitaka kubadilisha kijiko, usiguse cha zamani. Tengeneza vyote upya, nje mpaka ndani." Nyanya aliingia akauliza chai itapikwa na nini. Ulicheka hadi ukatokwa na machozi.

Halafu nikaunda kile kitufe cha kuongeza pacha, ili nesi asiandike habari zile zile mara mbili. Ulisoma kodi yangu, yale maandishi ya programu, ukasema, "Nyaminwa, dada yangu, umenunua kikombe kipya, lakini kijiko ni kile kile. Hawa watoto wawili wanatumia uzito mmoja."

"Inafanya kazi," nikakujibu. "Kliniki inasubiri. Wewe unaona wivu tu."

Ulifunga laptop ukatoka. Neno hilo la wivu ndilo la mwisho nililokuambia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa sokoni Dunga nachagua samaki, Sista Rose, nesi wa kliniki ya Pap Onditi, akapiga simu.

"Hii app yenu iko na nini? Nimeandika kilo za Apiyo, za Adongo pia zimebadilika."

Apiyo na Adongo ni mapacha. Apiyo ni mnene, Adongo ni mwembamba kabisa. Na kipimo cha dawa app inakitoa kwa uzito.

"Sista, Adongo ashapewa dawa?"

"Ashapewa."

Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, imezimwa. Niliacha samaki kwenye meza ya mama muuzaji nikakimbia kutafuta pikipiki. Njia nzima mpaka kliniki, kule Nyakach, nilikuwa najaribu kuomba, maneno hayaji. Nilikuwa naona tu ule mstari mmoja wa kodi, mfupi, mkono wangu ukiuandika.

Nilimkuta mama yao kwenye benchi, Adongo amelala mapajani, mdomo wazi. Nilisimama nikitazama kifua chake kama kinapanda. Mama akainua macho. "Daktari, mtoto yuko sawa?"

Alidhani mimi ni daktari, kaka.

Sista Rose alikuja akanivuta pembeni. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. "Mbona umekuja mbio hivi? App ilisema kilo tisa. Nikamwangalia huyu mtoto, nikasema tisa imetoka wapi? Nikamrudisha kwa mizani. Dawa nimempa ya kilo sita."

Niliketi chini, pale pale sakafuni.

Baadaye nilimwambia mama yao ukweli, kwamba app ilikosea na aliyeiandika ni mimi. Hakunitukana. Alimkumbatia Adongo karibu zaidi, akasogea mpaka mwisho wa benchi, mbali nami. Ningependelea matusi.

Nimeshakizima kile kitufe na kurekebisha kodi vile ulivyonifundisha. Lakini app imetumika miezi mingi, kaka, na si kila nesi ana macho ya Sista Rose. Tangu jana yeye na mimi tunawapigia mama wote wenye mapacha. Wengi wamesema watoto wanacheza. Kila simu inapolia upande wa pili, nahesabu milio. Amebaki mama mmoja wa huku ziwani. Namba yake haipatikani. Kesho asubuhi nitaenda mwenyewe kumtafuta nyumba kwa nyumba, na sijui nitaambiwa nini mlangoni.

Ulikuwa sahihi, na nilikuumiza. Sikuombi urudi kazini. Nakuomba tu kesho ushike simu, kwa sababu lolote nitakalokuta huko, wewe ndiye nitakayempigia kwanza.

Ubaki salama, kaka. Naogopa.

Mdogo wako,
Achieng'