Dada Somoe, Barua ya Posa Nimeirudisha

Dada yangu Somoe,

Ni mie, mdogo wako. Mtoni nzima hakuna mwingine wa kukuandikia kwa mwandiko mzuri kama huu. Tangu tukuzike, masika imepita mara moja, mihogo yako ya uani tumeila, na Zuhura wako amechaguliwa kujifunza ufundi wa mitambo kule Wazo, kwenye kiwanda cha saruji. Wasichana waliochaguliwa ni wawili tu! Akili hiyo karithi kwangu, mjomba wake.

Sasa sikia nilichofanya. Wiki iliyopita walikuja washenga kutoka Mabibo, barua ya posa imefungwa kwenye leso nyeupe. Kwetu sie mjomba ndiye mwenye neno. Nikavaa kanzu, nikaifungua mbele yao. Mstari wa kwanza tu wameniita mzee mwenye hekima. Dada, hapo nikaona barua imetosha. Unajua nasoma polepole, na watu wananitazama. Nikasema, "Tumekubali."

Walipoondoka, Zuhura akaichukua, akaisoma mpaka mwisho. Kumbe wanataka aache Wazo; mke wao hawezi kushika spana kati ya wanaume. Akanitazama kwa macho yako yale yale. "Mjomba, aliyekubali ni wewe. Basi uolewe wewe."

Nikaivua ile kanzu.

Nikamkumbuka bibi yetu, aliyekuwa akisikiliza mambo yake yakiamuliwa barazani, yeye yuko nyuma ya pazia. Wewe pazia ulilitoka. Ulisimama kwenye mkutano wa nyumba kumi ukasema, "Ujamaa gani huu, jembe letu sote, neno lenu peke yenu?" Mie nilijificha nyuma ya muuza kahawa, ingawa baadaye nilisimulia kwamba nilipiga makofi. Leo huyu binti yako anataka mitambo. Ni wimbi juu ya wimbi, nami nimesimama ufukweni nayaamuru maji yarudi!

Wapo hapa mtaani wanaosema usawa ni wanawake kuota ndevu. Mie, mwenye darasa la pili kamili, nasema usawa unaanza na kuulizwa. Zuhura hakuulizwa. Na asiyemuuliza ni mie.

Basi nikaenda Mabibo kuirudisha barua, leso yao mkononi. Mshenga mkubwa akanicheka: "Mjomba mzima unaendeshwa na binti?" Nikamjibu, "Mama yake aliniendesha miaka yote, na nilifika." Kisha, dada... sijui nini kilinipata. Nikawaeleza kwamba si mie niliyekufundisha kusoma, kama ninavyowaambia watu. Ulikuwa ukirudi kutoka kwenye kisomo cha watu wazima, unanishika mkono, tunaandika kwa mkaa sakafuni, na mlango umeufunga watu wasinione. Siri yangu uliitunza mpaka kaburini. Mie nimeitoa mwenyewe, na bado natembea kifua mbele.

Jumatatu nampeleka Zuhura Wazo. Begi lake nitalibeba mie, apende asipende. Akija wa kumposa tena, barua ataifungua yeye, mie nitakaa pembeni nisikilize. Hiyo ni ahadi, na nimeiandika kwa mkono uliouongoza wewe.

Pumzika, dada yangu. Na yule mamba niliyemkaba kwa mikono mitupu pale mto Kizinga, nawe ukinicheka, "Jana ulisema kenge"... alikuwa kenge. Tena mdogo.

Mdogo wako,
Mfaume